Je, Muislamu Aweza Kuwa Mdruidi? Jibu kwa Mama Mmoja

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeziumba mbingu na ardhi, akaiotesha miti na akalipangia jua mapito yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio walimu wa kwanza wa watoto wetu, wiki chache zilizopita tuliletewa barua na mama mmoja. Hatutataja jina lake wala mtaa wake, kwani siri ya Muislamu ni amana. Binti yake, aliyemlea kwa chuo na sala, yuko Uingereza kwa masomo. Mama huyo ametuandikia hivi:

"Sheikh wetu, mwanangu amenambia kuwa amejiunga na watu waitwao Druidi. Asema si dini, ni kupenda miti na maumbile tu, na kwamba mtu aweza kuwa Muislamu na Mdruidi kwa pamoja, kwani huko wako Wakristo walio hivyo na hakuna awaulizaye. Babake amekasirika na amekataza asipigiwe simu. Mimi tangu siku ile silali. Nambie, Sheikh, mwanangu bado ni Muislamu?"

Tuliisoma barua hii mara tatu. Ilikuwa rahisi kujibu kwa neno moja kali na kuendelea na shughuli zetu. Lakini wanazuoni wametufundisha kwamba kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Asiyelijua jambo hana haki ya kulitolea hukumu. Basi tulitafuta kwanza kuwajua watu hawa ni akina nani, kisha tukazungumza na binti mwenyewe kwa idhini ya mamake. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunayaandika kwa sababu tunajua si nyumba moja tu yenye mtoto ng'ambo.

DRUIDI WA KALE

Druidi walikuwa tabaka la watu wenye elimu miongoni mwa Wakelti, kaumu iliyokaa katika nchi ambazo leo ni Ufaransa, Uingereza na Ireland. Wao ndio waliokuwa makuhani, mahakimu na walimu wa watu wao. Habari zao nyingi zimetufikia kupitia kwa adui zao Warumi. Julius Caesar, aliyepigana vita katika nchi ya Gaul yapata miaka 50 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), ameandika kwamba mwanafunzi wao aliweza kukaa masomoni hata miaka 20, na kwamba hawakuona kuwa ni halali kuyaandika mafundisho yao, yote yalihifadhiwa kifuani. Ametaja pia kwamba waliamini roho ya mtu ikitoka katika mwili huu huingia katika mwili mwingine. Mwandishi mwingine wa Kirumi, Pliny, ameeleza jinsi walivyoutukuza mti wa mwaloni na mmea mdogo unaoota juu ya matawi yake.

Warumi waliwapiga vita. Karibu na mwaka 60 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, majeshi yao yaliivamia ngome ya Druidi katika kisiwa cha Anglesey huko Wales na kuikata miti waliyoitukuza. Kisha ukaja Ukristo, na elimu ile iliyokuwa vifuani ikafukiwa pamoja na wenyewe. Tuliweke akilini jambo hili: Druidi wa kale hawakuacha kitabu hata kimoja. Anayesema leo kwamba anaifuata dini yao sawasawa hana mnyororo wa mapokezi unaomfikisha kwao. Sisi tuliolelewa katika elimu ya isnadi, ambapo hata hadithi fupi huulizwa imepokewa na nani kutoka kwa nani, tunaujua uzito wa jambo hilo.

DRUIDI WA LEO WALITOKA WAPI

Udruidi wa leo ulianza kuchipuka Uingereza katika karne ya 18, na ajabu ni kwamba waliouanzisha walikuwa Wakristo. Mmoja wao alikuwa William Stukeley, tabibu na mpenzi wa mambo ya kale, ambaye mwaka 1729 alifanywa kasisi wa Kianglikana. Mwaka 1740 alichapisha kitabu juu ya Stonehenge, yale mawe makubwa yaliyosimamishwa katika uwanda wa Salisbury, akidai kuwa lilikuwa hekalu la Druidi. Leo wataalamu wanajua kwamba mawe yale yalisimamishwa yapata miaka 2500 kabla ya Nabii Isa, zaidi ya miaka 2000 kabla ya Caesar kuandika habari za Druidi. Lakini liangalieni dai lake jingine: Stukeley aliamini kwamba dini ya Druidi ilikuwa ni ile ile dini ya Nabii Ibrahim (A.S.). Tutalirudia jina hilo tukufu mbele.

Wa pili alikuwa mwashi wa mawe kutoka Wales, Edward Williams, aliyejiita Iolo Morganwg. Mwaka 1792 aliwakusanya watu juu ya kilima cha Primrose Hill, London, wakafanya sherehe aliyosema ni ya Druidi wa kale. Alikuwa mshairi hodari, na alikuwa Mkristo wa kundi lisilokubali Utatu. Baada ya kufa kwake ilibainika kwamba nyaraka nyingi alizosema ni za kale alizitunga mwenyewe. Hata hivyo, sherehe yake haikufa. Mwaka 1819 iliunganishwa na tamasha la ushairi na lugha la Wales, na huko ingali hai mpaka leo.

Katika karne iliyopita mambo yalipanuka. Mwaka 1963 wanafunzi wa chuo cha Carleton, Minnesota, Marekani, walilazimishwa kuhudhuria ibada kwa kanuni ya chuo. Baadhi yao wakaunda kundi la Druidi kama kejeli ya kuipinga kanuni ile. Mwaka uliofuata kanuni ikaondolewa, lakini kundi likabaki. Lililoanza kwa mzaha likawageukia baadhi yao kuwa kweli. Mwaka 1964 Ross Nichols aliasisi huko Uingereza jumuiya ya Mabardi, Maovati na Druidi, ambayo tangu mwaka 1988 iliongozwa kwa zaidi ya miaka 30 na Philip Carr-Gomm na kusambaza masomo yake kwa njia ya posta katika nchi nyingi. Mwaka 1983 Mmarekani Isaac Bonewits aliasisi jumuiya nyingine, nayo haifichi kitu: inasema wazi kuwa ni dini ya miungu mingi, na katika sherehe zake hutolewa sadaka kwa miungu, kwa mizimu ya wahenga na kwa roho za maumbile. Mwaka 2010 tume inayosimamia mashirika ya hisani Uingereza na Wales ilikubali kusajili jumuiya mojawapo ya Kidruidi, ikikiri kwamba shughuli yake ni dini.

Kwa hiyo, mama yetu, binti anaposema "si dini", hasemi uongo, bali amesema nusu. Kwa baadhi yao si dini. Kwa wengine ni dini kamili, tena iliyosajiliwa.

KWA NINI WAO HUSEMA YAWEZEKANA

Udruidi wa leo hauna kitabu kitakatifu kimoja, hauna mtume, wala hauna kalima ya imani ambayo lazima mtu aitamke. Baadhi yao humwamini Mungu mmoja, wengine miungu mingi, wengine huona maumbile yenyewe ndiyo matukufu, na wengine hawaamini mungu yeyote. Linalowakusanya ni kuipenda ardhi, kuiheshimu miti, kusimulia visa na mashairi, na kuadhimisha siku nane za mwaka: siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote, zile mbili ambazo usiku na mchana hulingana, na nne zilizo baina yao. Nyumba isiyo na mlango haiwezi kumzuia mtu kuingia. Ndiyo maana wako Wakristo na Mabudha waliojiunga nao bila ya kuambiwa waache walichonacho.

Uko mfano mashuhuri. Mwaka 2002 Rowan Williams, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Wales na tayari ameteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, alivishwa joho jeupe na kupokewa katika baraza la Druidi la tamasha lile la Wales. Baadhi ya Wakristo walilalamika kwamba mkuu wa kanisa amekwenda kwa wapagani. Yeye alieleza kuwa ile ni heshima ya lugha na utamaduni wa Wales, wala si ibada. Na ni kweli kwamba baraza lile ni la washairi na wapenzi wa lugha. Hata Malkia Elizabeth II, kabla hajawa malkia, alipokewa humo mwaka 1946.

Lakini tuzingatie: hata yeye hakujitetea kwa kusema kwamba ibada mbili zaweza kuchanganywa. Alijitetea kwa kusema kwamba jambo lile halikuwa ibada. Huo ndio ufunguo wa mas'ala yetu. Swali si jina la kundi. Swali ni: je, kinachofanywa pale ni ibada, na kama ni ibada, anayeabudiwa ni nani?

Tukitazama sherehe zao nyingi tutaona watu wamesimama duara. Huombwa amani kwa pande nne za dunia, kisha katika makundi mengi huitwa roho au nguvu za kila upande: za hewa, za moto, za maji na za ardhi. Husomwa dua iliyotungwa na yule Iolo Morganwg, ya kumwomba Mungu hifadhi. Na katika duara moja huyu atataja "Mungu", yule "mungu mke", na wa tatu "roho", kila mmoja na lake. Mwisho hugawanwa mkate, na mara nyingi pamoja na mvinyo wa asali. Na katika daraja lao la pili, la Maovati, hufundishwa pia uaguzi.

UPANDE WETU WA MIZANI

Mlango wa nyumba moja ukiwa wazi, haimaanishi kwamba mlango wa nyumba ya pili nao u wazi. Mwenye kutaka kuziunganisha dini mbili ni lazima abishe hodi kote kuwili. Udruidi utamwambia karibu. Uislamu utamwambia nini?

Shahada yetu haikuanza kwa kuthibitisha. Imeanza kwa kukanusha. Kabla hatujamtaja Allah kuwa ndiye Mola, tumekwisha kuwakataa wote wasiokuwa Yeye. Kila mama ajua kwamba chungu huoshwa kwanza ndipo kikatiwa chakula. Anayetaka kumtaja Allah katika duara ambamo jirani yake anaita roho za pande nne, naye akaitikia, ameacha neno la kwanza la shahada yake na kushika la pili tu.

Rai hii ya kuchanganya si mpya. Wafasiri wametueleza kwamba wakubwa wa Kikureshi walimwendea Mtume (S.A.W.) wakimtaka wapatane: mwaka mmoja aiabudu miungu yao, na mwaka mmoja wao wamwabudu Mola wake. Ilikuwa rai ya upole, yenye sura ya amani. Jibu likaja katika Suratul Kafirun, ambayo watoto wetu huihifadhi wakiwa na miaka mitano. Jibu lile halikuwatukana wala kutangaza vita. Lilizitenga ibada mbili na kumwachia kila mmoja njia yake. Heshima haihitaji mchanganyiko.

Sasa turudi kwa Nabii Ibrahim, ambaye Stukeley alimdhania kuwa asili ya Druidi. Katika Suratul An'am twasoma habari zake na nyota, mwezi na jua. Aliitazama nyota ikang'aa, kisha ikazama. Akautazama mwezi nao ukazama. Akalitazama jua, kubwa kuliko vyote, nalo likatua. Kila kilichozama alikivuka, mpaka akaelekeza uso wake kwa yule aliyeviumba vyote hivyo. Ibrahim hakuyapa mgongo maumbile. Aliyatazama sana, pengine kuliko wengi wetu. Lakini aliyatazama kama mtu asomaye barua, akamtafuta aliyeiandika.

Kwa sababu hiyo Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kusali sala ya sunna isiyo na sababu wakati jua linapochomoza, linapokuwa kati kwa kati na linapotua, akaeleza kwamba linapochomoza na linapotua ndipo wasioamini hulisujudia. Haramu ile haikuwekwa kwa kuchukia jua. Imewekwa ili hata sura ya sujudu yetu isifanane na sujudu ya wanaoliabudu.

Na iko hadithi ambayo twaomba kila mzazi aishike, maana inalihusu jambo hili la miti moja kwa moja. Baada ya kufunguliwa Makka, masahaba waliosilimu karibuni walikuwa wakienda Hunayn pamoja na Mtume (S.A.W.). Wakapita kwenye mkunazi mkubwa. Mushrikina walikuwa na mti wao uitwao Dhat Anwat, ambao walitundika silaha zao juu yake na kuutafutia baraka. Wakasema: Ewe Mtume wa Allah, nasi tufanyie wetu kama wao walivyo nao. Mtume akalikemea neno lile kwa ukali, akalifananisha na neno la Bani Israili walipomtaka Musa (A.S.) awafanyie mungu kama wa watu wengine. Hapo haikubaki shaka yoyote juu ya uzito wa jambo. Lakini tazameni alilolifanya baada ya kukemea: aliendelea na safari akiwa nao. Hakuwatoa katika safu wala hakuwaambia warudi makwao. Walikuwa wageni wa Uislamu, wamesema wasilolijua, akawafundisha.

BASI HUKUMU NI IPI?

Kwa ufupi: kuuchanganya Uislamu na Udruidi kwa maana ya ibada hakuwezekani. Kuita roho za pande nne, kutoa sadaka kwa wahenga au kwa miti, kuomba kwa jina la mungu mwingine, hiyo ni shirki, na shirki ndiyo dhambi iliyo nzito kuliko zote. Uaguzi ni haramu, uwe kwa vijiti vya Kikelti au kwa ubao wa ramli. Mvinyo ni haramu, uwe wa asali au wa zabibu. Mshika mbili moja humponyoka, na hapa inayoponyoka ni tauhidi.

Lakini haramu hizo hazikuifunga dunia yote. Kuijua miti kwa majina, kuipanda, kutembea msituni, kusikiliza mashairi na visa, kuwa na jirani Mdruidi na kumtendea wema, haya hayamtoi mtu katika dini. Katika Suratul Mumtahana Mwenyezi Mungu hakutukataza kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka, na kwamba hata Kiyama kikisimama na mkononi mwa mtu kuna mche, kama aweza kuupanda na aupande. Hakuna Mdruidi atakayemfundisha Muislamu kuupenda mti zaidi ya hapo.

Wazee wetu wa pwani waliujua mpaka huu. Mabaharia na wakulima walizihesabu siku za mwaka wa jua tangu Nairuzi, wakazigawa miongo ya siku kumi kumi, wakajua lini kaskazi yaingia na lini kusi yaanza, lini kupanda na lini kuvuta jahazi pwani. Hiyo ilikuwa elimu, na elimu ni neema.

TUJITAZAME NA SISI

Hata hivyo, kabla hatujamnyooshea kidole binti aliye Uingereza, tuuangalie mkono wetu. Ni wangapi miongoni mwetu, wenye tasbihi mkononi, hupeleka ubani, maji ya mawaridi na vitambaa kwenye mibuyu na mapango wakiomba mtoto, riziki au mume? Ni wangapi waendao kwa mpiga ramli baada ya sala ya Ijumaa, na wakiulizwa husema "ni mila tu, si ibada"? Jibu hilo ndilo hilo hilo alilolitoa binti yule. Kama si halali kwake chini ya mwaloni, haiwezi kuwa halali kwetu chini ya mbuyu. Mtoto aliyemwona nyanya yake akifukiza ubani pangoni na bado akaitwa Muislamu mwema, atashangaa kwa nini yeye anaambiwa ametoka.

ALIYOTUAMBIA BINTI

Tulizungumza na binti huyo kwa simu, mamake akiwa kando yetu. Tulitaraji ubishi, tukapata kilio. Alituambia kwamba katika mwaka wake wa kwanza alikuwa mpweke sana, na kwamba watu wale walimchukua kutembea msituni siku za Jumapili na kumfundisha jina la kila mti. Akasema neno ambalo bado linatuuma: "Sheikh, nimesoma chuoni miaka minane. Nilifundishwa vitu vinavyotengua udhu, na hilo nashukuru. Lakini hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kunitoa nje akanambia, tazama huu mti, ni aya."

Akatusimulia asubuhi ya siku ndefu ya mwaka, mwezi wa Juni, alipokwenda nao kilimani kulingoja jua. Alfajiri ya huko wakati ule huingia mapema mno. Aliwaambia kuwa ni lazima asali kwanza. Wakamngoja. Alitandaza koti lake juu ya nyasi zenye umande akasali rakaa mbili za faradhi, nao wamenyamaza kimya. Kisha jua likachomoza, duara likafungwa, na zikaanza kuitwa roho za mashariki. "Hapo," akasema, "sikujua mikono yangu niiweke wapi."

Tulimwambia: mwanetu, mikono yako ilijua, ndiyo maana haikupata mahali. Iliyasalia aliyeliumba jua dakika chache kabla jua lenyewe halijatoka. Hilo halikuwa jambo dogo. Imani iliyokufa haitoki kwenye godoro saa hizo kusali katika baridi.

Tukamweleza mipaka kama tulivyoieleza hapa, bila ya kuficha wala kupaka asali. Tukamwambia kwamba kutembea msituni ni kwake, na majina ya miti ni yake. Lakini duara linapofungwa na kuitwa kisichokuwa Allah, atoke kwa adabu, atubie kwa yaliyopita, na asome upya Suratur Rahman na Suratun Nahl, mara hii akiwa chini ya mti. Alinyamaza kitambo. Hakutuahidi kila kitu. Alisema atayaacha masomo ya kundi lile, lakini rafiki zake hatawakimbia. Nasi hatukumtaka awakimbie.

MANENO YETU KWA WAZAZI

Kwako wewe mama uliyetuandikia: ndiyo, mwanao ni Muislamu. Alikuwa katika hatari na bado anahitaji mkono, lakini haitufai kulitamka neno la ukafiri juu ya mtu asaliye, aliyeingia jambo kwa ujinga na upweke, kabla hajafundishwa na kubainishiwa. Mtume wetu (S.A.W.) ametuonya kwamba amwitaye nduguye kafiri, neno hilo humrudia mmoja wao.

Na kwako wewe baba uliyekataza simu: hasira yako imetokana na wivu wa dini, na wivu wa dini ni mwema. Lakini tujiulize, ukiifunga simu, ni nani atakayebaki akizungumza naye? Ni wale wale. Wao wana muda, wana upole na wana msitu. Wewe una nini kinachowazidi, ila sauti ya baba na tauhidi? Usimnyime vyote viwili kwa pamoja. Mtume (S.A.W.) hakuwaacha njiani wale waliomwomba mti.

Kwetu sote wenye vyuo na madrasa: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na aya ambazo hatukuwaonyesha watoto wataonyeshwa na wengine, zikiwa zimeondolewa jina la mwenyewe. Tuwatoe nje mara moja kwa wiki. Waujue mwarobaini, mkunazi, mkwaju na mkoko kwa majina. Wapande mche na waumwagilie maji. Waambiwe jua, mwezi na bahari vinamsabihi nani. Ada ya jambo hili ni ndogo, nayo ni kutembea tu.

Juzi mama yule alikuja kutuambia kwamba baba mtu hajasema kitu, ila Ijumaa baada ya chakula aliuliza, kana kwamba halimhusu, kama huko Uingereza sasa ni saa ngapi. Mama akampa simu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio karibu na walio mbali, atuonyeshe ukweli tukaufuata, atuepushe na shirki iliyo wazi na iliyofichika, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoyatazama maumbile wakamjua Muumba. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.